Mwanza hadi KIA kwa ndege: umbali mmoja, majibu matatu ya muda

Baba yangu mdogo alifanya kazi melini katika Ziwa Victoria kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa sababu hiyo hana subira na mtu anayemjibu "si mbali" anapouliza umbali. Mwezi uliopita alialikwa harusini Moshi, watoto wake wakachanga wakamkatia tiketi ya ndege ili asiteseke na basi, naye akanipigia simu akiwa na maswali mawili tu: kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao sote tunauita KIA, ni maili ngapi, na ndege hukaa angani kwa muda gani. Nilimwambia ningempigia baada ya dakika tano. Nilimpigia baada ya siku mbili.

Swali la kwanza lilijibiwa vilevile kila nilipotafuta mtandaoni, tofauti ikiwa kilomita moja tu. La pili lilinipa dakika 35 mahali pamoja, saa moja na dakika tano mahali pengine, na saa moja na robo kwenye tiketi yenyewe. Mtu aliyezoea kusoma daftari la meli hawezi kupelekewa majibu matatu ya swali moja, kwa hiyo ilinibidi niketi na kalamu, nitafute kila jibu limetoka wapi. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyagundua baadaye.

Nianze na umbali, ambao ndio rahisi. Kila uwanja wa ndege una nukta moja rasmi ya marejeo inayoandikwa kwa latitudo na longitudo. Nukta ya Mwanza iko nyuzi 2 na dakika 27 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Ya KIA iko nyuzi 3 na dakika 26 kusini, na nyuzi 37 na dakika 4 mashariki. Ukitoa moja katika nyingine unabaki na dakika 59 za kwenda kusini na dakika 248 za kwenda mashariki. Dakika hizi si za saa ya mkononi, ni za pembe, sitini katika kila nyuzi moja, na ni bahati mbaya kidogo kwamba Kiswahili hutumia neno lilelile kwa vitu vyote viwili katika mada ambayo tayari imejaa dakika za aina nyingine.

Hapa ndipo baba mdogo aliponikatiza kwa furaha, kwa sababu mabaharia wana kipimo kilichotengenezwa kwa hesabu ya namna hii: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, ambayo kimataifa imewekwa kuwa mita 1,852. Kwa hiyo dakika 59 za kwenda kusini ni maili 59 bila kuhitaji kuzidisha chochote. Dakika za longitudo hupungua urefu kadiri unavyoondoka kwenye Ikweta, lakini sisi tuko karibu nayo mno hata pungufu lenyewe halifiki maili moja katika zile 248. Kinachobaki ni pembetatu ya darasani: 59 mara 59, ujumlishe na 248 mara 248, kisha utafute kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni maili 255 za baharini, sawa na kilomita 472. Wanaotumia umbo halisi la dunia, ambalo limebonyea kidogo kwenye ncha zake, badala ya kuichukulia kuwa tufe kamili, hupata kilomita 473, na hiyo ndiyo sababu ya ile tofauti ya kilomita moja.

Wapo watakaouliza kama hesabu ya pembetatu bapa inafaa juu ya dunia ya mviringo. Kwa safari ya kutoka London hadi Los Angeles haifai kabisa. Huko njia fupi zaidi, inayoitwa duara kuu, hujipinda kwenye ramani ya ukutani hadi upande wa Greenland, na anayechora mstari ulionyooka atakuwa ameiongezea ndege mamia ya kilomita. Kwa safari fupi iliyo karibu na Ikweta, mstari wa ramani na duara kuu hulaliana kiasi kwamba tofauti yake haina maana kwa abiria wala kwa rubani. Ni moja ya faida ndogo za kuishi katikati ya dunia, na sijawahi kusikia mtu akiisifia.

Kilomita 472, basi. Kwa barabara ni hadithi nyingine, kwa sababu mstari ulionyooka kati ya Mwanza na KIA unapita juu ya Serengeti na Ngorongoro, na barabara kuu ya lami inalazimika kuzunguka kusini kwa Shinyanga, Nzega, Singida na Babati kabla ya kupanda Arusha, jambo linaloifanya izidi kilomita 700. Kuna njia ya kukatiza hifadhini, ila ina viingilio vya kulipia na vumbi lake.

Nilichora mstari huo kwenye ramani ya simu na kuufuata polepole kwa kidole, na nakiri kwamba nilisahau kwa muda kuwa nilikuwa nikitafuta namba. Unaondoka ufukweni mwa ziwa, unavuka nchi ya Wasukuma yenye mawe yake makubwa, unaingia nyanda za kusini mwa Serengeti karibu na Ndutu, ambako nyumbu huzaa miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha unapita karibu juu kabisa ya Bonde la Olduvai na kugusa ukingo wa kaskazini wa kreta ya Ngorongoro. Baada ya hapo unashuka Bonde la Ufa, unapanda vilima vya Monduli, na kupita pembeni kidogo ya jiji la Arusha kwa upande wa kaskazini. Sidhani kama kuna kilomita 472 nyingine nchini zenye mambo mengi namna hiyo chini yake, na abiria wengi huzipita wakiwa wamelala.

Jambo lililonishangaza ni miinuko ya viwanja vyenyewe. Jina la Kilimanjaro humfanya mtu adhani anakwenda juu, ilhali KIA iko mita 894 tu juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Mwanza, ulio kando ya ziwa, uko mita 1,147. Kwa maneno mengine, anayetoka Mwanza kwenda kwenye mlima mrefu kuliko yote barani Afrika anatua mita 253 chini ya alipoondokea. Sababu ni kwamba Ziwa Victoria lenyewe limekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na KIA ilijengwa kwenye tambarare kavu kati ya Arusha na Moshi, ambako palipatikana nafasi ya njia ndefu ya kurukia ilipofunguliwa mwaka 1971.

Sasa muda. Jibu la dakika 35 linatokana na kugawa kilomita 472 kwa mwendo wa ndege ya jeti inapokuwa imetulia angani, kama kilomita 800 na kitu kwa saa. Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza iliwasili Desemba 2018, zinaweza kwenda karibu kilomita 830 kwa saa, na hesabu hiyo hutoa dakika 34. Ni hesabu sahihi ya safari ambayo haipo, kwa sababu inaanzia na kuishia angani, kana kwamba ndege ilizaliwa huko.

Jibu la saa moja na dakika tano linatokana na kanuni inayotumiwa na tovuti nyingi: chukua dakika zile 35, halafu ongeza nusu saa kwa ajili ya kutembea uwanjani, kupaa na kutua. Kanuni hiyo imekaribia ukweli kwa njia yetu, lakini imekaribia kwa bahati. Ijaribu kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, viwanja viwili vilivyo kilomita 73 tu kutoka kimoja hadi kingine, itakuambia dakika 35 au zaidi, na kila aliyepanda ndege hiyo anajua kwamba baada ya robo saa hivi tayari unatazama mabati ya nyumba za ng'ambo. Nusu saa moja haiwezi kumfaa kila mtu.

Kwanza, ndege gani? Baba mdogo alikuwa amekatiwa tiketi ya pangaboi, na Watanzania wanaokumbuka mijadala ya mwaka 2016, Bombadia za kwanza zilipotua, watakumbuka pia jinsi neno hilo lilivyotamkwa kwa dharau, kana kwamba panga linalozunguka nje ni dalili ya uzee. Ndani ya pangaboi hizi kuna injini ya tabo, ndugu wa ile ya jeti, isipokuwa nguvu yake huzungusha panga badala ya kusukuma hewa nyuma peke yake. Hata hivyo hazilingani mwendo. Bombadia Q400 inaweza kufika noti 360, yaani maili 360 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 667. ATR 72 hutulia karibu na noti 270, ambazo ni kilomita 500 kwa saa. Na ile Cessna Caravan ndogo ya injini moja, inayobeba watalii kwenda viwanja vya nyasi na changarawe vya Serengeti, huenda noti 165 hivi. Gawa maili 255 kwa kila moja: Q400 dakika 43, ATR dakika 57, Caravan saa moja na nusu na zaidi kidogo.

Hizi pia ni namba za angani tupu. Nilipoanza kuigawa safari ya ATR vipande vipande ndipo nilipoelewa kwa nini mwendo wa ndege una umuhimu mdogo kuliko tunavyodhani. Tuseme itapanda hadi futi 19,000. Kutoka Mwanza ni kupanda futi 15,000 na zaidi, na ndege ya namna hii, ikiwa imejaa watu na mizigo, huhitaji robo saa au zaidi kumaliza kazi hiyo, ikisonga mbele maili kama 50 huku ikiwa bado haijafikia mwendo wake mzuri. Upande wa pili, marubani wana kanuni ya kidole gumba cha mabaharia wa anga: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili tatu. Kutoka futi 19,000 hadi KIA, iliyo futi 2,900 juu ya bahari, ni futi 16,000, kwa hiyo wataanza kushuka wakiwa maili 48 kutoka uwanjani. Toa 50 na 48 katika 255, zinabaki maili 157 za kwenda kwa utulivu, ambazo ni dakika 35. Jumlisha dakika 16 za kupanda, 35 za katikati, 11 za kushuka, na nne au tano za kujipanga na njia ya kutua, unapata dakika 67 hivi kutoka matairi yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa jeti, utaona jambo la kuchekesha. Jeti ingependa kupanda juu zaidi, kwa hiyo inatumia maili nyingi zaidi kupanda na maili nyingi zaidi kushuka, na chini ya futi 10,000 nayo kwa kawaida hubanwa isizidi noti 250. Kipande cha katikati, ambacho ndicho kinachoonyesha ubora wake, kinabaki kifupi. Haifiki mapema kwa nusu ya muda, kama namba za mwendo zinavyodai. Inaokoa robo saa hivi, na robo saa hiyo unaweza kuipoteza yote ukisubiri sanduku.

Halafu kuna Mlima Meru. Ule mstari niliofurahia kuuchora unapita kilomita kama 12 kusini mwa kilele chake, na kilele hicho kina mita 4,562, yaani futi 14,968. Sasa kumbuka ile kanuni ya maili tatu: ndege iliyo maili 20 kutoka KIA ingetakiwa iwe imeshuka hadi futi 9,600 au hapo karibu, na maili 20 ndipo hasa Meru iliposimama, ikiwa juu kuliko hapo kwa futi elfu tano. Hakuna rubani atakayeshuka kando ya ukuta wa namna hiyo, hasa asubuhi ambapo mawingu hukaa mlimani kama kilemba. Njia ya kweli hupinda kusini mwa Arusha kabla ya kugeukia uwanjani. Nilikadiria mpindo huo kwa kuweka nukta moja upande wa kusini-magharibi mwa jiji. Unaongeza maili tano na nusu, yaani kilomita kumi hivi, na dakika moja na kidogo. Milima mikubwa hutugharimu kidogo kuliko nilivyotarajia.

Upepo hugharimu zaidi. Katika anga la juu la sehemu zetu upepo huvuma zaidi kutoka mashariki, upande wa Bahari ya Hindi, na safari ya Mwanza kwenda KIA huelekea nyuzi 103, ambayo ni mashariki iliyoinama kidogo kusini. Maana yake ni kwamba kwenda unapingana na upepo, kurudi unasukumwa. Chukua upepo wa wastani wa noti 20: ATR ya noti 270 itakwenda noti 250 juu ya ardhi ikielekea KIA, na 290 ikirudi. Dakika 61 dhidi ya 53. Mtu anaweza kudhani kwamba ukienda na kurudi upepo unajilipa, lakini haujilipi kikamilifu, kwa sababu muda unaoteseka nao ni mrefu kuliko muda unaofaidi. Jumla ya kwenda na kurudi inakuwa dakika 114 badala ya 113 na sekunde chache. Baba mdogo hakushangaa. Aliniambia kila aliyewahi kuendesha mtumbwi wa tanga anajua hilo bila hesabu.

Hata hivyo kurudi kuna kodi yake. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki-magharibi, na kwa kuwa ndege hupaa na kutua zikielekea upepo, upepo wa mashariki unamaanisha kwamba ndege inayokwenda Mwanza hupaa ikitazama upande wa Moshi, mahali isipokwenda, kisha igeuke nyuma. Dakika mbili tatu za ile faida ya upepo zinaishia hapo. Kwa upande wa kwenda, mambo yamepangwa vizuri mno: njia ya Mwanza imeelekea nyuzi 120 upande mmoja na 300 upande wa pili, kwa hiyo ndege inayopaa asubuhi kuelekea kusini-mashariki tayari karibu inaitazama KIA, na inapofika huko, kama upepo ni wa mashariki, inatua mbele moja kwa moja bila kuzunguka uwanja. Siku upepo ukibadilika ukawa wa magharibi, hayo yote yanageuka.

Kuhusu urefu wa kuruka, kuna utaratibu mmoja ambao mwenye udadisi anaweza kuuthibitisha akimsikia rubani akitangaza. Ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, kama 17,000, 19,000 na 21,000, na zinazoelekea magharibi hupewa yanayogawanyika, 18,000 au 20,000, ili zinapokutana zipishane kwa futi elfu moja. Ni daladala zenye njia zake, ila kila moja na ghorofa yake.

Nirudi kwenye tiketi na ile saa moja na robo yake. Mashirika ya ndege hayahesabu kuanzia matairi yanapoacha ardhi. Huhesabu kuanzia ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inaposimama ng'ambo, na katikati yake wanaweka akiba ya kutembea uwanjani, kusubiri nyingine itue, na upepo wa siku mbaya. Kwa hiyo dakika 67 zangu za angani, pamoja na tano za kutembea Mwanza na tano za KIA, zinatoa 77. Katika majibu matatu niliyoyapata, la tiketi ndilo lililokuwa na ukweli mwingi zaidi, ingawa ndilo pekee ambalo halikueleza lilivyopatikana.

Lakini tiketi ina mtego wake kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ya baba mdogo iliandikwa 07:15. Binti yake, anayeishi naye, aliisoma kwa sauti kama ilivyoandikwa, "saba na kumi na tano", na mzee akajiandalia safari ya saa saba na robo mchana, aamke taratibu, anywe chai, aende. Kama nisingempigia kumweleza habari za upepo, angefika uwanjani wakati ndege yake imekwisha kutua, imepakia wengine na kuondoka tena. Ni saa moja na robo asubuhi. Siku hizi kila mtu wa ukoo wetu anayekata tiketi huwa ninamwandikia saa kwa maneno, tena kwa Kiswahili, na kuongeza asubuhi au jioni. Marubani wenyewe wana saa ya tatu: wao hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo safari hiyohiyo ya saa moja na robo, iliyoandikwa 07:15 kwenye tiketi, kwao ni 04:15. Safari moja, saa tatu, na zote ni sahihi.

Jua nalo lina saa yake. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini kati ya Mwanza na KIA kuna nyuzi nne za longitudo na kidogo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua linazama Mwanza dakika 16 au 17 baada ya kuzama KIA. Anayerudi jioni anaongezewa machweo bila kuyalipia.

Yote haya yanadhania kwamba kuna ndege ya moja kwa moja siku unayoitaka. Ratiba hubadilika kila msimu, na isipokuwepo, unapelekwa Dar es Salaam kwanza. Hapo umbali unakuwa kilomita 851 hadi Dar, kisha 450 kurudi juu hadi KIA, jumla 1,301, karibu mara tatu ya mstari wangu, na pamoja na kusubiri katikati ni nusu siku iliyokwisha. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili. Mara ya pili nilikaa upande wa kushoto, tukaupita Mlima Kilimanjaro ukiwa upande wa kulia, na abiria wote wa upande wa pili wakiwa na simu dirishani. Kwa anayetoka Mwanza moja kwa moja, ushauri ni kinyume chake: akae kushoto, ambako kwanza ataona Ol Doinyo Lengai ikichomoza mbali upande wa Ziwa Natron, kisha Meru kwa karibu, na mbele yake, kama mawingu yamekubali, Kibo. Nyumbu wa Ndutu asiwatafute. Kutoka futi 19,000 hata tembo ni dhana.

Baba mdogo alikwenda, na alikwenda na saa yake na daftari. Aliporudi alinionyesha ukurasa alioandika kwa hati ileile ya daftari la meli. Kwenda: ndege ilianza kusogea saa 1:22, matairi yaliacha ardhi saa 1:31, yakagusa KIA saa 2:37, ikasimama saa 2:42. Dakika 66 angani, 80 kwa jumla. Kurudi: iliruka saa 11:48 jioni, ikageuka nyuma kama nilivyomwambia, na ikatua Mwanza saa 12:49 jua likiwa limebakiza kidole kimoja kuligusa ziwa. Dakika 61. Chini yake alikuwa ameandika mstari mmoja zaidi, ambao mimi sikuwa nimeuwaza katika hesabu zangu zote: kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa wenye harusi, pamoja na kuwahi uwanjani alfajiri, kusubiri sanduku, na gari lililochelewa kumpokea KIA, saa 6 na dakika 10.

Sasa ameuliza Bukoba. Nimekwisha kumpa umbali, maili 94, na amecheka kwa sababu anaukumbuka usiku mzima aliokuwa akiutumia kuuvuka kwa meli. Kuhusu muda nimemwambia asubiri kidogo.